Tiketi ya guka si takataka: Kusanya kumbukumbu za reli kabla hazijauzwa kwa kilo

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishaiacha Gilgil nyuma, barabara inateremka na Ziwa Elmenteita linajitokeza upande wako wa kushoto. Hapo kwenye matatu kila mtu hutoa simu apige picha. Wachache hukumbuka kwamba karibu na hapo, kando kidogo ya barabara kuu, kuna mahali panaitwa Kariandusi.

Kariandusi ni makavazi ya aina yake. Louis Leakey na wenzake walipatambua mwaka wa 1928, na kilichopatikana ni mashoka ya mkono ya mawe, yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mengine ni ya obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama kipande cha chupa. Ukienda leo utayakuta mengi bado yamelala chini, palepale yalipofukuliwa. Hayakuzolewa yote yakajazwa kwenye kabati la vioo.

Kwa nini? Kwa sababu jiwe likihamishwa bila maelezo linabaki jiwe tu. Lilikuwa tabaka gani la udongo, lililala karibu na nini, yalikuwa mangapi pamoja: hayo ndiyo yanayomwambia mtafiti kwamba hapa watu walikaa, wakachonga, wakachinja. Jiwe bila mahali pake halina habari.

Sasa geuza macho kidogo. Katika ukanda huohuo inapita reli ya kale, ile ya upana wa mita moja, ikitoka Gilgil kuelekea Mbaruk, Lanet hadi Nakuru. Nayo ina vitu vyake: tiketi, beji, taa za mkono, kofia za magadi, ratiba, vitabu, sahani za majina za injini. Vitu hivi havina uzio wala mlinzi. Baadhi vimo kwenye masanduku ya mabati chini ya vitanda vya wazee wetu. Vingine vilishapita kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na havirudi tena.

Kama umekuwa ukitafuta hobi isiyomaliza bando wala kukuingiza kwenye kamari, hii hapa. Haihitaji pesa nyingi. Inahitaji subira, daftari na adabu ya kuwasikiliza wazee.

Wenzetu hufanya sherehe

Huenda ukasema, nani hukusanya tiketi za treni jamani? Jibu ni: watu wengi kuliko unavyodhani.

Chukua mfano wa tramu. Tramu ni gari la abiria linalopita kwenye reli zilizozikwa katikati ya barabara za mji. Uingereza ilikuwa nazo kila mahali, kisha miji ikaanza kuziondoa ili kupisha mabasi na magari ya kibinafsi. London iliendesha tramu zake za mwisho za enzi hiyo Julai 1952. Wakati watu wengine wakishangilia mabasi mapya, kikundi cha wapenzi wa tramu kilianza kununua zile zilizokuwa zikipelekwa kuchomwa. Leo, katika kijiji cha Crich, Derbyshire, kuna makavazi ya kitaifa ya tramu ambako unaweza kuzipanda zikitembea.

Kisha yakaja maonyesho. Watu hukodi ukumbi wakapanga meza kwa safu. Meza hii ina tiketi zilizopangwa kwa mji na mwaka, ile ina beji na vitufe vya sare. Pale kuna modeli ndogo za tramu zikizunguka kwenye mji wa kadibodi, na kule mzee mmoja anauza vitabu vya mitumba. Watu wanabadilishana, wanabishana kuhusu rangi halisi ya gari la mwaka fulani, wanacheka. Mtoto wa miaka 10 anaelezwa na mtu wa miaka 80 jinsi breki ilivyofanya kazi. Ni kama mashabiki wa nganya za Rongai wakikutana, ila hapa nganya yenyewe ilistaafu kabla baadhi yao hawajazaliwa.

Jambo la kutuumiza kidogo ni hili: kwenye minada ya aina hiyo huko Uingereza, sahani za majina za injini zilizovuta mabehewa hapa Afrika Mashariki zimewahi kuuzwa pia. Ziliondoka kwetu zikapata wapenzi ugenini. Hatuwezi kumlaumu aliyezinunua akazitunza. Tujiulize tu sisi tulikuwa wapi.

Sisi pia tulikuwa na vyetu

Usidhani tramu ni mambo ya Wazungu peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na vigari vya abiria vilivyopita juu ya vijireli vyembamba katikati ya mji, kati ya Mji wa Kale na Kilindini. Havikuwa na injini wala farasi. Vilisukumwa na watu. Bwana mkubwa ameketi chini ya kivuli, na nyuma yake vijana wanakimbia wakitoka jasho. Leo ushahidi mkubwa wa usafiri huo ni postikadi na picha za zamani. Ukiipata moja, angalia nyuso za wasukumaji kabla hujaangalia kofia ya abiria.

Unguja nako kulikuwa na treni ndogo iliyotoka mjini hadi Bububu, maili saba hivi, iliyojengwa mwaka wa 1905. Hata leo kuna watu wasiojua kwamba Zanzibar iliwahi kuwa na reli.

Kwa bara, hadithi kuu ni ile Reli ya Uganda. Reli ya kwanza ililazwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899, ikapita Nakuru mwaka wa 1900, ikagusa Ziwa Victoria Kisumu mnamo Desemba 1901. Nakuru yenyewe ni mtoto wa reli: stesheni ilikuja kwanza, mji ukaizunguka. Mwaka wa 2021 ikatawazwa kuwa jiji.

Kisha kuna majitu ya mvuke. Kati ya 1955 na 1956, kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 za daraja la 59 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi na urefu wa zaidi ya mita 31. Hakukuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani. Zilipewa majina ya milima ya kwetu. Ya mwisho kabisa, nambari 5934, iliitwa Menengai Crater.

Soma tena hapo, wewe mtu wa Nakuru. Injini kubwa namna hiyo ilibeba ubavuni jina la kreta unayoiona ukisimama mtaani kwenu. Iko wapi leo? Haipo. Kati ya zile 34, mbili tu ndizo zilizohifadhiwa, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote ziko Nairobi. Nyingine zilikatwakatwa zikawa vyuma. Hiyo ndiyo maana ya kuuzwa kwa kilo.

Jifunze kusoma herufi

Tuseme umepata kitu: kijiko, taa, kufuli, kitufe cha koti. Utajuaje ni cha lini? Tafuta herufi. Reli yetu ilibadilisha jina mara kadhaa, na kila jina liliacha alama.

UR ni Uganda Railway, jina la mwanzo kabisa. Ukiona herufi hizo kwenye kitu halisi, tulia, una jambo la thamani mkononi.

KUR, au KUR&H, ni Reli ya Kenya na Uganda, kuanzia miaka ya 1920. Ile H ni ya bandari, kwa sababu reli na bandari zilikuwa chini ya shirika moja.

EAR&H inaanza mwaka wa 1948, reli za Tanganyika zilipounganishwa na zetu. Vitu vingi vya mabati na vyombo vya hotelini vya behewa la chakula vina herufi hizi.

EAR peke yake, bila H, mara nyingi ni ya baada ya 1969, reli na bandari zilipotenganishwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka wa 1977, na kila nchi ikabeba mabehewa yake.

KR ni Shirika la Reli la Kenya, lililoanza 1978.

RVR ni Rift Valley Railways, kampuni iliyokabidhiwa reli mwaka wa 2006 na mkataba wake ukafika mwisho mwaka wa 2017. Hizi ni kumbukumbu za juzi tu. Fulana, jaketi za kung'aa na fomu za RVR bado zinatumika kupangusia meza au kuvaliwa shambani. Baada ya miaka 20 watu watazitafuta kwa tochi.

Majina ya miji nayo yanakusaidia. Tiketi iliyoandikwa Thomson's Falls inahusu Nyahururu, mwisho wa tawi la reli lililotoka Gilgil. Karatasi iliyoandikwa Port Florence inahusu Kisumu. Ukijua jina lilibadilika lini, umeshapunguza nusu ya kazi ya kutafuta tarehe.

Anza na sanduku la nyumbani

Usikimbilie kununua mtandaoni. Soko lako la kwanza liko nyumbani, na halidai pesa.

Nakuru, Gilgil, Naivasha, Molo, Nyahururu: kote huko kuna familia zilizolelewa na mshahara wa reli. Kuna watu waliozaliwa kwenye landhi za reli, wakalala wakisikia mabehewa yakigongana usiku. Huenda babu yako alikuwa dereva, gadi, fundi, mpaka rangi au mtu wa kukaza skrubu za mataruma. Huenda nyanya yako aliuza mahindi choma na mayai dirishani treni iliposimama. Je, umewahi kumuuliza?

Iwe unamwita guka, kwaro, kugo, kuka au babu, nenda na heshima. Usifike na kamera ukaanza kupekua sanduku. Kaa, kunywa chai, halafu uliza mambo madogo: Guka, siku ya kwanza kazini walikupa nini? Kofia ilikuwa ya rangi gani? Nani alikufundisha? Ukilala Makindu au Timboroa ulikula nini? Maswali madogo hufungua mdomo. Swali kubwa kama "nieleze historia ya reli" humfanya mzee akuambie maneno ya kitabuni.

Kisha atasema, "Kuna kitu hapo chini ya kitanda." Hapo ndipo shughuli inaanza.

Na hapa ndipo somo la Kariandusi linakuja. Kitu chochote utakachopewa, kiandikie kadi siku hiyohiyo. Maswali ni matano:

Ni kitu gani? Kilitumika wapi? Nani alikitumia? Ni cha mwaka gani, hata kwa kukisia? Nilikipata kwa nani, lini?

Basi. Kadi hiyo ndiyo inayotofautisha mkusanyaji na mtu anayejaza nyumba vitu vya zamani. Taa ya gadi isiyo na maelezo utaikuta kwenye baa yoyote ikiwa imetundikwa kama pambo. Taa ileile ikiwa na kadi inayosema ilibebwa na mzee fulani kati ya Nakuru na Kisumu, kwamba kioo chake chekundu kilipasuka usiku wa mvua na akakifunga kwa waya, hiyo ni historia. Na mwenye kuweza kukupa habari hiyo ana miaka 80. Taa itangoja. Yeye je?

Kama familia haitaki kitu kiondoke nyumbani, usishurutishe. Kipige picha mbele, nyuma na penye maandishi, weka sarafu ya shilingi kando ili ukubwa uonekane, rekodi sauti ya mzee kwa ruhusa yake, kisha umrudishie kitu chake. Mkusanyiko wa picha na sauti nao ni mkusanyiko.

Tiketi, stempu, vitabu

Kwa anayeanza bila kitu mfukoni, hivi ndivyo vya kuanza navyo.

Tiketi. Zile za zamani zilikuwa vipande vya kadibodi ngumu, vidogo kuliko kadi ya benki, kama milimita 57 kwa 31. Mtindo huo ulibuniwa na Mwingereza Thomas Edmondson miaka ya 1830 na 1840, ukaenea duniani kote. Kila tiketi ilikuwa na nambari yake, na tundu lililotobolewa na mkaguzi. Usilionee haya tundu hilo: linathibitisha kwamba kuna mtu alisafiri.

Usidharau tiketi zako mwenyewe. Treni ya Madaraka Express ilianza safari za Nairobi na Mombasa mnamo Mei 31, 2017, na nauli ya kawaida mwanzoni ilikuwa Sh700. Kufikia Januari 2024 ilikuwa Sh1,500. Tiketi mbili zikiwekwa kando kwa kando zinaeleza gharama ya maisha kuliko hotuba. Lakini kuna tatizo: tiketi nyingi za siku hizi huchapishwa kwenye karatasi ya joto, ileile ya risiti za supamaketi. Maandishi yake hufifia hadi karatasi ikabaki nyeupe. Kwa hivyo ipige picha siku ileile, kisha uiweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu pasipo na jua. Usiibandike kwa selotepu na usiiache kwenye dashibodi ya gari.

Vivyo hivyo kwa treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu, iliyorejea mwishoni mwa 2021 baada ya kimya cha miaka. Uliipanda Nakuru? Tiketi yako iko wapi?

Stempu. Mwaka wa 1976, posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania ilitoa seti ya stempu nne za reli. Ile ya shilingi mbili ina picha ya stesheni ya Nakuru. Stempu za miaka hiyo zilichapishwa kwa wingi, kwa hivyo si lazima uwe tajiri kuipata. Tafuta kwenye barua za zamani za familia kabla hujatoa hata shilingi.

Vitabu. Kwa wauza vitabu wa inama, wale wa kando ya barabara, uliza The Lunatic Express cha Charles Miller, kilichotoka 1971, na The Man-eaters of Tsavo cha J.H. Patterson, cha 1907. Vya picha, tafuta Railway Across the Equator cha Mohamed Amin na wenzake, cha mwaka wa 1986. Mzito kuliko wote ni Permanent Way cha M.F. Hill, kilichochapishwa na shirika la reli lenyewe. Ukikipata kwa bei ya mitumba, funga mdomo, lipa, uondoke. Lakini visome ukiwa macho. Vingi viliandikwa na watu walioiona reli kutoka kwenye dirisha la daraja la kwanza.

Modeli: kadibodi inatosha

Modeli za kununua ni ghali, na nyingi ni za treni za Ulaya. Lakini kijana aliyekua akitengeneza matatu za waya na katoni za maziwa hahitaji kufundishwa mengi.

Chagua kipimo kimoja ukishike. Ukitumia moja kwa 50, hesabu ni rahisi: upana wa reli wa mita moja unakuwa sentimita mbili, na ile injini ya daraja la 59 inakuwa na urefu wa sentimita 63 hivi. Ni ndefu, itajaza meza. Ukitaka ndogo, tumia moja kwa 87, ambacho hutumiwa sana duniani. Hapo inakuwa kama sentimita 36, urefu unaozidi kidogo rula ya shule.

Kabla hujakata chochote, nenda ukaone kitu chenyewe. Makavazi ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, yana injini zilizosimama nje ambazo unaweza kuzizunguka na futi yako. Utamkuta Mount Gelai. Utakuta pia behewa nambari 12. Hilo ndilo alilolala afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima usiku wa Juni 1900 akimvizia simba mla watu, akapitiwa na usingizi, simba akaingia akamtoa dirishani. Gusa ubao wake kwa macho tu, halafu utaelewa kwa nini watu hutunza vitu.

Halafu, mbona usitengeneze Menengai Crater? Injini yenyewe haipo tena. Mtoto wa Nakuru akiirudisha kwa kadibodi, gundi na rangi nyekundu iliyoiva, itakuwa imerudi nyumbani kwa namna fulani.

Mpaka usiovuka

Hapa tuongee bila kuzunguka. Kuna vitu haviokotwi.

Ukitembelea Kariandusi, hata kijipande kidogo cha obsidiani usikitie mfukoni. Mali ya kale inalindwa na sheria ya makavazi na turathi ya mwaka wa 2006. Na zaidi ya sheria, ukikiondoa umekiua, kama tulivyoona.

Kwenye reli ni hatari zaidi. Msumari, bamba au skrubu iliyo kwenye njia ya reli si kumbukumbu hata kama njia inaonekana imekufa na majani yameota. Ikiondolewa, treni inaweza kuanguka na watu wakafa. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundomsingi ya umma, na kuna sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka wa 2015 inayodai leseni. Mtu akikuletea kipande cha reli akisema "hii ni antiki, buda," muulize alikitoa wapi. Akishindwa kujibu, kataa. Mkusanyaji anayenunua vitu vya wizi ndiye anayemlipa mwizi.

Ukikuta kitu cha thamani kwenye karakana ya vyuma, na mwenye karakana ana leseni na risiti, nunua, uombe risiti yako nawe. Iambatanishe na kadi.

Ni kumbukumbu za nani?

Kuna swali ambalo wakusanyaji wengi hulikwepa. Reli hii haikujengwa kwa nyimbo. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Ardhi ilichukuliwa. Wanandi waliipinga kwa miaka, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Aliyemuua, Richard Meinertzhagen, aliondoka na vitu vyake. Fimbo za uongozi za Koitalel zilikaa Uingereza kwa takriban miaka 100, zikarudishwa Kenya mwaka wa 2006.

Nazo fimbo hizo ni kumbukumbu za reli. Mkusanyiko wenye saa za stesheni masta na vijiko vya daraja la kwanza peke yake unasimulia upande mmoja. Tafuta pia jembe la mtu wa gengeni, hati ya likizo ya mfanyakazi wa daraja la chini, kikapu cha muuza ndizi wa stesheni, picha ya harusi iliyopigwa mbele ya landhi. Vitu hivyo havina bei mnadani, na ndiyo sababu vitapotea kwanza.

Andaeni onyesho lenu

Hamhitaji ukumbi wa Uingereza. Mnahitaji watu watano, meza tatu na Jumamosi moja.

Kila mmoja alete vitu visivyozidi kumi, kila kimoja na kadi yake. Ombeni ukumbi wa kanisa, darasa la shule au maktaba. Meza ya kwanza iwe ya karatasi: tiketi, stempu, ratiba, barua. Ya pili iwe ya vitu vizito, taa na sare. Ya tatu iwe ya modeli na vitabu. Kisha wekeni viti vitatu vya starehe mbele, vya wazee wastaafu wa reli. Wao ndio wageni wa heshima. Mwekeni mtu mmoja wa kuandika na mwingine wa kurekodi, kwa maana mzee akiiona kofia kama yake ya zamani ataanza kusema mambo ambayo hata watoto wake hawajawahi kuyasikia.

Mwenye kitu cha kutambuliwa akilete bila kuogopa. Mtu atakuja na kipande cha chuma akidhani ni takataka, mzee akishike, akigeuze, aseme kilifungwa sehemu gani ya behewa. Hapo kadi mpya imezaliwa.

Mwisho wa siku, msisahau nakala. Pigeni picha kadi zote mhifadhi mahali pawili, ili simu moja ikiibiwa mtaani isiondoke na historia ya familia kumi. Na mkipata kitu kikubwa msichoweza kukitunza, kipelekeni makavazi na kadi yake.

Krismasi hii utaenda ushago kama kawaida. Kuna sanduku pale, unalijua. Kabla ya kuingia mtandaoni, vuta kiti karibu na mzee, umuulize funguo ziko wapi.